Vitabu vya Madirishani

Siku mjukuu wangu aliposhinda vita mara ya tatu, niliunguza suruali ya sajini. Niliiegesha pasi juu yake nikakimbilia mlangoni, maana matarumbeta yalikuwa yanapita barabarani, na mjukuu wangu mwenyewe kasimama juu ya gari la wazi, kifua mbele, anapunga mkono kama mtu anayefukuza nzi kwa heshima. Watu walishangilia. Mimi niliwashinda wote kwa kelele, mpaka jirani yangu mshona viatu akaniambia, "Bibi, kuna kitu kinaungua ndani. Kama si moyo wako, basi ni nguo ya mtu."

Ilikuwa nguo ya mtu. Sajini alinisamehe palepale. Alisema tundu lile atalionyesha kwa wakubwa kama la risasi, na kweli akapewa likizo ya siku mbili.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi sare za kikosi kizima, na huyo kamanda wa kikosi nimemlea mimi, yeye na mdogo wake wa kike, tangu binti yangu aliyewazaa alipofariki. Mjini walimwita Mshindi. Mimi, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, namwita mume wangu. Mdogo wake tulimzoea kwa jina la Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kwangu yeye ni mke mwenza, mkorofi kama wake wenza wote.

Mji wetu umekatwa na mto. Upande huu jeshi, upande ule waasi, ambao sisi tuliwaita tu watu wa ng'ambo, maana wengine walikuwa shemeji zetu. Mshindi aliwapiga darajani. Aliwapiga tena kwenye tanuri la matofali. Mara hii ya tatu aliwapiga kwenye kilima cha tangi la maji, na walivyokimbia waliacha hata sufuria jikoni, maharage yanachemka. Lakini kila walipopigwa walirudi ng'ambo ileile, wakanawa nyuso, wakaendelea na maisha. Wiki haiishi unawaona tena ukingoni wanafua mashati. Wanafua vibaya, hawasuuzi.

Sasa nieleze habari ya vitabu, maana ndiyo iliyotuponza.

Jeshi lilipoingia mjini mwaka uliotangulia, lilichukua ofisi ya usajili kuwa makao yake, kwa sababu ndilo jengo la ghorofa linalotazama mto. Madirisha yake ni makubwa, na mifuko ya mchanga ilikuwa michache. Askari mmoja akaona vitabu. Vilikuwa vitabu vya mji mzima, vizazi na vifo, ndoa na viwanja, kila kimoja kinene kama tofali mbili, jalada lake gumu. Wakavipanga madirishani kama ukuta. Na nisiwe mwongo, vilifanya kazi. Risasi ikiingia kwenye kitabu cha vizazi haitoki upande wa pili. Vita vya darajani jeshi lilivishinda likiwa nyuma ya vitabu vile, na askari walivipenda. Mmoja aliniambia machozi yanamlenga, "Bibi, mimi nimeokolewa na ndoa za watu."

Aliyekuwa akivitunza ni Karani Miwani. Siku hiyo alisimama mlangoni akasema haiwezekani, vitabu si matofali. Wakamshika ukosi wakamtoa nje, na kiti chake kikawa kuni za chai. Akaondoka na mhuri wa serikali ndani ya kopo lake la chakula, akavuka daraja. Ng'ambo wakampa meza. Tangu hapo ukitaka cheti chochote, cha mtoto, cha ndoa, cha kiwanja, unavuka.

Basi wiki ileile ya ushindi wa tatu, Kitinda wangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Mwanamume wake ni Fundi Saa, kijana mpole anayetengeneza saa za mji mzima na yeye mwenyewe hana hata moja. Walikuwa wamepata nyumba ya kupanga, ila mwenye nyumba, mama mmoja mcha Mungu, alisema bila cheti cha ndoa hapangishi wawili chumba kimoja. Nilikuwa na furaha hata chumvi naitia mara mbili.

Jumatatu mchana Mshindi alikuja kula kwangu. Sajini alibaki kizingitini, kama kawaida. Mume wangu akanawa, akaketi, akanyoosha mkono kuchukua sukari, na chini ya bakuli la sukari akaona karatasi.

"Hii nini?"

"Kibali cha ndoa," Kitinda akasema, anageuza chapati bila kumtazama. "Jumamosi saa nne. Ng'ambo, mezani kwa Karani Miwani."

Aliinuka hata kiti kikaanguka. "Ng'ambo! Nimewapiga mara tatu! Bibi, mara tatu!"

"Najua, mume wangu. Nguo za mara zote tatu nimefua mimi."

"Na mdogo wangu anakwenda kuolewa na waasi!"

"Naolewa na Fundi Saa," Kitinda akasema. "Waasi wanaandika tu. Kwako nimekuja mara kumi na moja, kaka. Mara kumi na moja askari wako ananiambia kwa adabu, dada, kitabu kipo dirishani, rudi vita vikiisha. Vita vyako vinaisha kila mwezi!"

"Mimi nikivuka lile daraja, navuka na askari mia mbili."

"Waje tu. Wabebe na zawadi."

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe, na chai ikanipanda puani. Lakini Kitinda alikuwa amegeuka, na chapati inaungua kikaangoni. "Baba hayupo," akasema. "Mama hayupo. Nilikuwa na mtu mmoja wa kusimama upande wangu. Jumamosi nitaolewa, uwepo usiwepo."

"Basi sitakuwepo."

Nikawatazama wote wawili. Wamelala mkeka mmoja, wameugua surua siku moja, na ukaidi ule nimewalisha mimi mwenyewe kwa kijiko. Nilijua hakuna atakayerudi nyuma. Na nilijua kwamba kama Jumamosi itapita hivyo, itapita na miaka mingi nyuma yake, maana nimeona ndugu wakinuniana mpaka mmoja akazikwa.

Nikasema, "Kaa chini, mume wangu, nikuambie siri ya kazi."

Katika kazi ya dobi, cha kwanza si maji wala sabuni. Cha kwanza ni mifuko. Unapekua kila mfuko kabla ya kuloweka, ulichokikuta unakiweka kwenye bati, nguo ikikauka unamrudishia mwenyewe bila kusoma. Nimekuta vifungo, barua za wapenzi, jino. Kusoma sisomi, ila mhuri unauona tu, hata kwa macho yangu haya.

"Tangu mwaka jana," nikamwambia, "unajua nimetoa karatasi ngapi za Karani Miwani kwenye mifuko ya sare zako?"

"Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Za nani?"

"Dobi hana majina."

Pale kizingitini sajini alikohoa. Alikohoa kikohozi cha mtu ambaye angependa kuwa mahali pengine, hata vitani.

"Sajini!"

"Mapacha, afande."

"Mapacha gani?"

"Wangu, afande. Wa kike na wa kiume. Nilikwenda siku ya mapumziko, nilivaa kiraia. Sikukaa, afande. Yaani, nilikaa. Walinipa kiti. Nilimaliza kabla chai haijapoa."

"Walikupa na chai!"

"Na andazi, afande."

Mshindi alituangalia mmoja mmoja. Akaokota kiti chake, akakikalia taratibu. Kisha akaichukua ile karatasi, akaigeuza, akaisogeza dirishani penye mwanga. "Lakini huu," akasema, "huu ni mhuri wetu."

"Ndio huohuo, afande," sajini akasema. "Alitoka nao kwenye kopo."

"Nina askari mia sita. Nina magari ishirini na mawili. Wao wana nini?"

"Wana Karani Miwani, afande. Na meza. Mguu mmoja wa meza ni mfupi, wameuwekea jiwe."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Kitinda, kwa sababu yeye hata akilia, kicheko kiko jirani. Alitoa sauti kama kuku, mimi nikafuata, sajini akageukia ukuta mabega yanamruka, na mwishowe kamanda mwenyewe, mshindi wa vita vitatu, akaweka paji la uso mezani akacheka hata akashindwa kupumua. Mshona viatu alichungulia akauliza kama tumepata msiba au mirathi.

Tulipotulia nikamwambia alichotaka kukisikia na asichotaka. "Toa vitabu madirishani. Fungua ofisi. Kitinda aolewe hapa, na wewe usimame."

Kicheko kikamtoka usoni. "Bibi, si rahisi hivyo. Vitabu vile vimezuia risasi ngapi? Nikivitoa, askari wangu wanabaki uchi. Na ofisi ikifunguliwa, mtu yeyote ataingia. Nitampekua nani, nimwache nani?"

"Usimpekue. Muulize jina, umwandikie. Mbona ndivyo wanavyofanya wenzako."

"Na akifa askari wangu mmoja dirishani, wewe utamwambia nini mama yake?"

Nilimwongezea mchuzi. Alikula, akaondoka. Kitinda akakirudisha kibali chini ya bakuli.

Jumatano asubuhi mshona viatu alinijia mbio na sindano bado mdomoni. "Bibi! Wanashusha vitabu!"

Tulikwenda wote, mimi na mikono yenye povu. Askari walikuwa wamejipanga ngazini wanapokezana vitabu, na wengine wanapandisha mchanga wa mtoni kwa magunia, ingawa magunia yalifika nusu ya dirisha tu. Mume wangu alikuwa amesimama mwenyewe kwenye dirisha kubwa, lile linalotazama ng'ambo, kifua chake pale palipokuwa na vitabu. Alisimama hapo mpaka gunia la mwisho likapanda. Hakuna aliyemwagiza. Niliona, nikajifanya sijaona, maana angeona haya.

Vitabu vilipangwa uani juani, na kila kimoja kilikuwa na matundu. Nikachemsha wanga wangu wa nguo, tukaufanya gundi. Wanawake wa mtaa wakaja na vijitambaa, tukawa tunaziba kurasa huku tumekaa miguu mbele. Askari mmoja kila akichomoa risasi alitangaza. "Hii imeingia Januari, imepita kwa watoto wote mpaka Juni, imechoka Julai!" Mwingine akapata yake kwenye vifo. "Hii nayo imekwenda kuua waliokwisha kufa!" Mama mmoja akaona ukurasa wa ndoa yake, risasi imepita katikati ya jina la mumewe. Akatutazama akasema, "Ningeambiwa mapema, nisingempikia jana." Tulicheka hata wanga ukaganda sufuriani.

Lakini vitabu bila Karani havisemi. Alivipanga kwa njia yake aliyoijua mwenyewe, na mpaka jioni hakuna aliyeweza kutafuta hata jina lake. Ikabidi mtu avuke akamwite. Askari hawawezi. Kitinda ni bibi harusi. Nikabaki mimi.

Alhamisi nikavuka. Katikati ya daraja kuna mbao mbili zilizovunjika tangu ushindi wa kwanza. Nilikuwa nimesimama natafakari pa kukanyaga, akaja mtu wa ng'ambo mwenye bunduki begani, akanishika kiwiko kama anavyoshikwa mama mzazi, akanivusha. "Bibi, unafua na huku?" akaniuliza, macho kwenye shati lake. "Mwanangu," nikamwambia, "kwanza jifunze kusuuza."

Karani Miwani alikuwa chini ya turubai na foleni mbele yake, amemwazima mjamzito mwavuli wake, yeye jua linampiga kisogoni. Nilisubiri zamu yangu. Nilipofika nikaona kitu ambacho Kitinda alikuwa amenisomea na sikukitilia maanani. Chini ya kila karatasi aliandika mstari mmoja kwa mwandiko mdogo: *Itanakiliwa kitabuni, kitabu kitakapopatikana.* Mwaka mzima alikuwa akiandika hivyo, kwa kila mtu, wa upande huu na wa upande ule.

"Vimepatikana," nikamwambia.

Akavua miwani. "Vyote?"

"Vyote. Vina matundu, lakini tumeziba."

Akaifuta miwani kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Walinishika ukosi, Bibi. Mbele ya watu. Na kiti changu walichemshia chai."

"Najua, baba."

"Nikirudi nataka kiti. Na aliyenitoa aniombe radhi palepale mlangoni, foleni ikisikia."

"Na hawa wakubwa wako wa huku watakuachia?"

Wakubwa walikuwa nyuma yake, na walinuna kweli. Mmoja aliniambia, "Bibi, wewe ndiye wa kwanza wa upande ule kutuweza." Lakini mwanamke wa kwanza foleni alikuwa mke wa huyo mkubwa, na mtoto mgongoni, akamgeukia. "Yaani huyu mwanangu abaki kwenye karatasi, na kitabu kipo? Mwache aende!" Foleni nzima ikaitikia. Mkubwa akawa mdogo.

Ijumaa sijui ilikwenda wapi. Jumamosi asubuhi nilimkuta Karani Miwani mlangoni pa ofisi, kopo mkononi, na watu wamejaa mpaka barabarani. Mshindi akashuka ngazi na sare niliyoipiga pasi mara mbili. Alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe, kile cha kamanda, chenye mikono. Akakiweka chini mbele ya watu wote.

"Karani, amri ya kukutoa ilikuwa yangu," akasema. "Nilikukosea. Naomba radhi."

Karani Miwani akakitazama kiti, akakijaribu kwa kiganja, akaketi, akanyanyuka, akaketi tena. "Kinazama kidogo," akasema. "Lakini nimepokea. Wa kwanza!"

Tulikuwa wa nne, maana Kitinda alikataa kupitishwa. Na tulipaswa kuwa wa tatu, ila Fundi Saa alichelewa, akaja anakimbia na koti la kuazima, anauliza saa ngapi. Mbele yetu alikuwa mwanamume mmoja mwembamba na kichanga kilichofungwa shuka. Alitoka ng'ambo, viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa kule.

"Jina la mtoto?" Karani akauliza. Akaandika. "Jina la baba?" Akaandika. "Kazi ya baba?"

Mwanamume akageuka. Akamwona Mshindi, hatua moja nyuma yake, na ofisi nzima ikaona amemwona. Kichanga kikapiga chafya. Mkono wa sajini ulikwenda kiunoni, ukakaa hapo.

"Nilikuwa kwenye kilima cha tangi," mwanamume akasema.

"Upande gani?" Mshindi akauliza.

"Uliokimbia."

Nilimwona mjukuu wangu akihesabu moyoni, maana aliacha watu kwenye kilima kile, na nguo zao nilizifua mimi nikazikunja nikawapelekea mama zao. Kitinda alimshika mkono kaka yake. Hakumvuta, alimshika tu.

"Yale maharage," Mshindi akasema, "yalikuwa yako?"

"Yangu."

"Yalikosa chumvi."

"Mlikuja mapema," mwanamume akasema. "Nilikuwa naifuata."

Kwanza hakuna aliyethubutu, kisha Fundi Saa akashindwa kujizuia, na alipocheka yeye tulicheka wote, hata kichanga kikaamka kikalia. Karani Miwani akagonga kalamu. "Watu wanangoja! Kazi ya baba?"

"Andika mpishi," Mshindi akasema. "Ila asiyejua."

Karani akaandika mpishi, akapiga mhuri. Sajini akautoa mkono kiunoni, akaenda kumshikia mlango.

Kitinda akaolewa saa nne na dakika ishirini, kwa saa ya ukutani ambayo Fundi Saa aliisimamisha kwanza akairekebisha ndipo akakubali kuulizwa swali lolote. Aliitika kabla swali halijaisha. Kitinda naye akaitika juu yake. Mshindi alisimama upande wa mdogo wake, na zamu yake ya kutia sahihi ya shahidi ilipofika, aliishikilia kalamu hewani hata ikadondosha wino kwenye ukurasa, karibu na kiraka changu cha wanga. Karani alitaka kugomba, akamwangalia usoni, akaacha.

Sitasema vita viliisha siku hiyo. Havikuisha. Wiki iliyofuata zilisikika risasi mbili kutoka ng'ambo, na mume wangu akazigombeza kupitia dirisha la magunia nusu. Lakini hiyo ni wiki iliyofuata. Jumamosi ile nilikuwa nimekumbatiwa pande zote, kofia yangu imeanguka, naimba wimbo ambao maneno yake nimeyasahau, pale sajini aliporudi mbio kutoka darajani.

"Afande! Wanavuka!"

Mshindi akageuka haraka, mwili wote kamanda. "Wangapi?"

"Kama mia, afande. Nusu ni watoto. Wameshika karatasi."

Akatazama ile foleni iliyokuwa imeshafika kwa mshona viatu. Akavua koti lake la sare, akalitundika kwenye mgongo wa kiti cha Karani, akakunja mikono ya shati.

"Karani," akasema, "wino utatosha?"

"Wa leo utatosha," Karani Miwani akajibu bila kuinua macho. "Ila mwandiko wako ni mbaya. Wewe kaa upande wa kupanga foleni."

Akaenda kupanga foleni.